Kabla ya Wembe, Maji

Mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Methali hii sote tunaijua, na sote tunaitumia kutishana. Jirani kafungiwa duka, tia maji. Mwenzetu ofisini kapewa barua ya kupunguzwa kazi, tia maji. Kwa kuitumia hivyo miaka nenda miaka rudi tumesahau kwamba aliyeitunga alikuwa mtu anayejua kunyoa. Hakusema chako funika, wala chako kimbia nacho. Alisema tia maji, kwa sababu nywele iliyolowa mapema haisumbui wembe ukipita, na nywele kavu inasumbua, tena inaumiza. Leo, ndugu msikilizaji, naomba tuirudie methali ile kama maelezo ya kazi, vitisho tuviweke kando.

Kilichonisukuma ni barua. Kijana mmoja wa miaka 26, mkazi wa Mbagala, ambaye ni mlinzi katika kampuni moja ya ulinzi, ameniandikia hivi: "Kaka, sisi kazini ni amri kunyoa ndevu kila siku kabla ya kuingia lindo. Mimi nikinyoa natoka vipele shingoni na chini ya kidevu, vingine vina usaha. Kola ya shati inaingia damu. Wenzangu wanasema mimi mchafu. Nikiacha kunyoa siku tatu nipone, naandikiwa onyo. Nimeshapata maonyo mawili, la tatu ni kufukuzwa. Nina mke na mtoto. Niache kazi, au niendelee kuchanika?"

Nimeisoma barua hii mara kadhaa. Nadhani hayuko peke yake, maana wanaume hatuna desturi ya kuzungumzia nyuso zetu. Mtu anavumilia vipele miaka kumi, akiulizwa anasema ni joto la Dar es Salaam.

Basi kwanza nimwondolee kijana aibu. Huo si uchafu. Ni umbo la udevu wake. Udevu wa mtu mwenye nywele za kipilipili hauoti wima kama jani la mkonge. Hata kule chini ya ngozi unakoota, shimo lake limepinda, na wenyewe unatoka ukiwa tayari umejikunja kama springi. Wembe ukiukata kwa mshazari unauachia ncha mfano wa mkuki. Baada ya siku mbili tatu udevu unarefuka, unajikunja kufuata maumbile yake, na ile ncha inarudi kuichoma ngozi kutoka nje kwenda ndani. Mwili hautambui kwamba huo ni udevu wake wenyewe. Unaona mwiba umeingia, unaanza kupigana nao. Hapo panavimba, panawasha, pengine panatunga usaha.

Iko na njia ya pili, nayo ni mbaya zaidi. Ukiukata udevu chini ya usawa wa ngozi, ile sehemu iliyobaki ndani haioni tena mlango wa kutokea. Inatoboa ukuta wa shimo lake na kukua pembeni, ndani kwa ndani. Mwenye uso anaona kipele, kesho anakipitishia wembe, anakikata kichwa, damu inatoka, na kesho kutwa vipo viwili. Mwisho wake ni ngozi nyeusi iliyokakamaa na makovu, na kwa wale wenye asili ya makovu ya kuvimba, keloidi zisizoondoka.

Madaktari wa ngozi wana jina lake refu la Kigiriki na Kilatini, lakini watu wa kawaida tunaviita vipele vya ndevu na inatosha. Makadirio yanayotajwa mara nyingi katika maandishi yao ni kwamba vinawapata kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi wanaonyoa. Hata tukichukua ile ndogo, ni karibu mwanamume mmoja katika kila wawili. Wazungu huvipata pia, lakini wachache, maana ndevu za wengi wao zimenyooka.

Na jambo la mwajiri kudai kidevu kitupu halikuanzia Mbagala. Nchini Marekani, mwanamume mmoja mweusi wa mji wa Omaha, jimbo la Nebraska, aliachishwa kazi katika kampuni ya kuuza piza kwa sababu hakunyoa, naye alikuwa na ugonjwa huu huu. Shauri likafika mahakama ya rufani ya shirikisho, na mwaka 1993 mahakama hiyo ikaona kwamba amri ya kunyoa isiyotoa nafasi kwa mgonjwa inawaumiza watu weusi kuliko weupe, na kwamba mwajiri hakuweza kuonyesha kuwa biashara yake isingekwenda bila amri hiyo. Sisemi hukumu ya Omaha ni sheria kwetu. Ninaitaja ili msimamizi wa kijana wetu, kama yupo kwenye redio hivi sasa, ajue kwamba majaji walikwisha kukaa wakalipima suala hili na hawakulichekea.

Sasa tuje kwenye wembe wenyewe.

Zamani wembe ulikuwa kisu. Mhunzi aliufua, kinyozi akaunoa kwa jiwe na kuusugua kwenye ukanda wa ngozi, na mtu hakujinyoa mwenyewe asubuhi akiwa na usingizi. Alikwenda kwa anayejua. Wembe wa karatasi, huu mwembamba wenye makali pande mbili ambao tunaununua dukani ndani ya kikaratasi, una historia inayochekesha kidogo. Mwanzilishi wake ni Mmarekani, King Camp Gillette, aliyezaliwa mwaka 1855. Kabla ya utajiri alikuwa mchuuzi anayetembeza bidhaa za kampuni ya bwana William Painter. Huyu Painter ndiye aliyebuni kile kizibo cha bati chenye meno tunachokibandua kwenye chupa ya soda hadi leo. Inasimuliwa kwamba Painter alimshauri kijana wake: buni kitu ambacho mtu atakitumia, atakitupa, kisha atarudi kununua kingine. Gillette akakaa na wazo hilo kichwani. Mwaka 1895, akinyoa kwa wembe butu, ndipo likamjia: kipande cha chuma chembamba, kisichonolewa, kinachobanwa ndani ya mashine ndogo yenye mpini.

Mafundi wa chuma walimwambia haiwezekani, bati jembamba namna ile halishiki makali. Aliyeliweza ni mhandisi William Nickerson, na kampuni ikaanzishwa Boston mwaka 1901. Mwaka 1903, wa kwanza wa biashara, waliuza mashine 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata mashine zilipita 90,000. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, serikali iliagiza mashine milioni 3.5 kwa ajili ya askari, maana kinyago cha kuzuia gesi ya sumu hakikai vizuri juu ya ndevu. Askari wakarudi makwao na mashine zao mfukoni, na wanaume duniani wakazoea kujinyoa wenyewe kila siku.

Nataka msikilizaji ashike jambo moja katika habari hii. Wembe wa karatasi ulibuniwa uwe wa mtu mmoja na utupwe. Ulipofika kwetu tukaukaribisha, tukaupa kazi nyingi kuliko alizozifikiria mwenyewe, na lile sharti lake la kutupwa tukalisahau. Wembe mmoja unanyoa baba, unakata kucha za watoto, unafumua mshono wa suruali, unachonga penseli, kisha unachomekwa kwenye ufa wa dirisha kungojea Jumapili nyingine. Mashabiki wa mpira wana msemo wao, wembe ni ule ule, kwamba leo tutawanyoa kama tulivyowanyoa wale wa juzi. Uwanjani ni utani mtamu. Kwenye shavu la mtu ni hatari, na nitaifikia hatari hiyo punde.

Kwanza hadithi ya nyembe nyingi. Chuma cha nyembe za mwanzo kilishika kutu haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wilkinson Sword ya Uingereza ikaleta wembe usioshika kutu, uliodumu kwa kunyoa mara nyingi zaidi, na wenye viwanda wakaona biashara ya kutupa inataka kusinzia. Mwaka 1971 Gillette ikatoa kinyoleo chenye nyembe mbili pamoja, mwaka 1998 tatu, mwaka 2006 tano. Tangazo lilikuwa lile lile: wembe wa kwanza unauvuta udevu, wa pili unaukata kabla haujarudi chini, shavu linabaki laini kama la mtoto mchanga.

Ni kweli linabaki laini. Lakini rudi kwenye maelezo yangu ya vipele. Udevu uliovutwa ukakatwa unarudi chini ya usawa wa ngozi. Kwa mtu wa nywele zilizonyooka hilo si neno, utapanda tena kwa njia yake. Kwa mwenye nywele za kipilipili ni kama kumfungia mtu mlango akiwa ndani. Ndiyo maana madaktari wengi wa ngozi humshauri mgonjwa wa vipele arudi kwenye wembe mmoja. Nisiwe mchoyo wa habari: upo utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ambao haukuona kwamba kunyoa kila siku kwa vinyoleo vya kisasa kunazidisha vipele, ilimradi ngozi iandaliwe vizuri kabla na itunzwe baadaye. Sioni kama unapingana na ninayoyasema. Hata huo unarudi pale pale kwenye maandalizi, na mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, akapitisha kinyoleo cha plastiki cha wiki tatu kwenye shavu kavu, hakuandaa kitu.

Kwa hiyo vifaa ninavyovipendekeza ni vichache na ni vya kizamani. Mashine ya chuma yenye kichwa kinachofunguka, wembe ukalala katikati na kufunikwa hadi yatokeze makali tu. Hii hununuliwa mara moja. Ya marehemu baba, ambayo ukizungusha mpini kichwa kinafunguka pande mbili kama milango ya kabati, ninayo mimi na inafanya kazi. Nyembe za karatasi, ziwe Topaz, ziwe Nacet, ziwe za jina lolote, alimradi ni mpya. Mmoja hauzidi bei ya soda. Brashi ya kunyolea, ya nywele za nguruwe, za farasi au ya nailoni. Najua kuna wasikilizaji ambao dini yao haiwaruhusu hiyo ya nguruwe, basi wasome maandishi ya kwenye mpini au wachukue ya nailoni, kazi ni ile ile. Sabuni ya kunyolea, iwe ya kipande au ya tyubu. Sabuni ya kufulia hapana. Inakausha ngozi na povu lake linakufa kabla hujamaliza shavu moja.

Na maji. Maji ndiyo dawa yenyewe. Udevu mkavu ni mgumu kwa namna ya kushangaza, lakini ukilowana dakika tatu hadi tano unanyonya maji, unavimba na kulainika, na wembe unaupita bila kuuvuta. Hapo hata kukatwa kwake ni tofauti: hauchongoki sana ncha. Wakati mzuri ni baada ya kuoga. Asiyeoga maji ya moto achovye taulo dogo katika maji ya uvuguvugu, alikamue, aliweke usoni hadi lipoe, kisha arudie. Hapo hapo alisugue eneo la ndevu taratibu kwa taulo lile, kwa mzunguko, kuzizindua ndevu zilizoanza kuinamia ngozi.

Kabla ya povu, soma ramani ya uso wako. Pitisha vidole shavuni kutoka juu kwenda chini, halafu rudi kutoka chini kwenda juu. Upande unaokwenda laini ndiko ndevu zinakoelekea. Upande unaokwaruza ni kinyume chake. Wengi hushangaa wakifika shingoni. Shavuni ndevu huelekea chini, lakini shingoni zaweza kuelekea juu, au kulia, au kuzunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo la bafu. Kijana wa Mbagala anasema vipele vyake viko shingoni na chini ya kidevu. Nina hakika kiasi kwamba anakwangua shingo kutoka chini kwenda juu, kama tunavyofanya wengi wetu mbele ya kioo, bila kujua kama ndevu za pale zinakwenda huko au zinatoka huko.

Juu ya namna ya kuushika wembe nilimwendea mzee mmoja kinyozi wa Kariakoo, ambaye ameifanya kazi hii tangu kabla sijazaliwa. Nilimwamkia, nikakaa kwenye benchi, nikamwuliza kosa gani kubwa analoliona kwa vijana wa sasa.

"Wanasukuma," akanijibu bila kufikiri. "Wembe hausukumwi, mwanangu. Wewe uwekee tu njia, wenyewe utakwenda."

"Na ukiona bado kuna ndevu, mzee?"

"Paka povu tena. Mtu ananyoa mahali pasipo na povu, halafu anasema wembe mbaya!"

Hayo ndiyo wanayoyasema na wataalamu wa ngozi, ila wao hutumia maneno mengi zaidi. Brashi ichovywe majini, ikung'utwe, izungushwe juu ya sabuni hadi povu liwe zito, kisha ipakwe usoni kwa kuzungusha, maana mzunguko ule unainua ndevu zilizolala. Liache povu likae dakika moja au mbili. Mashine iegemee shavu kwa pembe ya kama nyuzi 30, uzito wake wenyewe wa chuma uwe ndiyo nguvu, na mkono uvute mifuto mifupi kufuata ndevu zinakoelekea. Suuza wembe kila baada ya mifuto miwili mitatu. Mahali pamoja usipite mara nne tano. Kama hukuridhika, paka povu upya upite mara ya pili, kwa kukatisha pembeni ukitaka, lakini kwenda kinyume na ndevu tuwaachie wenye nywele zilizonyooka. Na usiivute ngozi ikakakamaa kama ngozi ya ngoma. Ukiivuta, udevu unakatwa mrefu kuelekea ndani, na ukiiachia unazama.

Najua pingamizi. Mtu atasema, nikinyoa hivyo, jioni nikijigusa nakwaruza. Ndivyo. Uso wa mwenye vipele hautakiwi kuwa kioo. Ubaki na ukwaruzo kidogo, ambao kwa jicho la msimamizi aliyesimama hatua mbili hauonekani, na ambao ndio unaouzuia udevu usizame.

Ukimaliza, suuza kwa maji baridi na ujikaushe kwa kugusa taulo, si kwa kusugua. Watu wa pwani wanaijua shabu, lile jiwe jeupe linalong'aa kama barafu. Ukililowesha na kulipitisha usoni linakaza ngozi na kuzuia damu ndogo ndogo. Ni zuri, lakini liwe lako. Lile la saluni linalopita kwenye michubuko ya kila mteja ni habari nyingine. Spiriti na ndimu viacheni. Kuwashwa hadi machozi yatoke si dalili ya kupona. Mafuta mepesi yasiyo na manukato yanatosha. Na wembe usiufute kwa taulo, unayaharibu makali na unakata taulo. Usuuze, uukung'ute, uuache ukauke. Baada ya kunyoa mara tatu hadi tano, utupe.

Sasa ile hatari. Kunyoa, hata kukifanywa vizuri, kunachubua ngozi kwa michubuko ambayo jicho haliioni. Wembe ukitoka hapo kwenda kwa mtu mwingine umebeba damu. Tulifundishwa hili kwa uchungu. Baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, moja ya mafunzo yaliyofika kila kijiji ni kutochangia wembe. Vinyozi wengi walilishika, na leo mteja anadai wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yake. Nawapongeza. Lakini kuna ugonjwa mwingine ambao hatuutaji sana, nao ni homa ya ini aina ya B. Virusi vyake ni vigumu kufa. Nje ya mwili, katika tone la damu iliyokauka, vinaweza kukaa hai siku 7 na bado vikaambukiza. Maana yake wembe uliochomekwa dirishani Jumapili unaweza kuwa na virusi hai Jumamosi. Chanjo yake kwa watoto wachanga Tanzania ilianza mwaka 2002, kwa hiyo wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata, labda tuwe tumeitafuta wenyewe ukubwani.

Na wembe sio peke yake. Kinyozi anafungua wembe mpya, vizuri, anauvunja katikati ndani ya kikaratasi chake na kuweka nusu kwenye kishikio. Ile nusu ya pili iko wapi? Ukiona imelala mezani bila karatasi, uliza. Mashine ya umeme inayochonga pembeni nayo huchubua, hasa kisogoni, na ndiyo hubeba mapunye kutoka kichwa hadi kichwa. Kuipangusa kwa kitambaa chenye spiriti kwa sekunde mbili si kuisafisha. Lile sanduku lenye taa ya rangi ya zambarau linaua vijidudu pale tu mwanga unapofika. Upande uliolala chini, na katikati ya meno yenye nywele na mafuta, haufiki. Meno ya mashine yapigwe brashi kwanza, yaoshwe, ndipo dawa ipakwe na iachwe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa yake. Wenzetu waliokwenda Hija wanajua kwamba kule Mina mahujaji huhimizwa kunyolewa na vinyozi wenye leseni tu, wanaotumia wembe mpya kwa kila mtu. Tahadhari ile haina sababu ya kuishia Mina.

Nimrudie kijana wangu, maana ameuliza swali na lazima ajibiwe. Kazi usiiache kwa sababu hii. Ila ngozi iliyokwisha kuumia hivyo haitapona huku inakatwa kila siku, hata uwe na mashine bora kuliko zote. Nenda hospitali ukamwone mtaalamu wa ngozi. Wapo Muhimbili, na pale KCMC Moshi kuna chuo cha kanda cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992, ambacho wahitimu wake wamesambaa mikoani na nchi jirani. Mwombe dawa ya kutuliza, na mwombe barua kwa mwajiri ya kukupumzisha kunyoa kwa wiki tatu au nne. Ndevu zikifika urefu wa kama sentimita moja, zile zilizozama nyingi hufyatuka zenyewe. Inayoonekana imejikunja kama kitanzi juu ya ngozi unaweza kuiinua kwa sindano safi, uiinue tu bila kuing'oa, maana iliyong'olewa itaota tena kutoka chini kabisa na kuanza ugomvi upya.

Baada ya hapo ndipo uanze na wembe mmoja kwa namna niliyoieleza. Na kama hata huo ukikukataa, basi tumia mashine ya umeme ikate na kuacha ndevu za kama milimita moja. Hakuna wembe, hakuna ncha iliyozama, na bado uso unaonekana nadhifu. Barua ya daktari iseme hivyo wazi wazi, milimita moja, ili msimamizi asipate la kubishia. Ile poda ya kunyolea inayoyeyusha ndevu, ambayo baadhi ya saluni wanayo, huwasaidia wengine kwa sababu haiachi ncha kali, lakini ikizidishwa dakika inaunguza, kwa hiyo ijaribu kwanza sehemu ndogo, na usiirudie kila siku. Kuua mashina ya ndevu kwa mwale wa leza kupo pia, lakini kwa mshahara wa lindo sitaki kukuongezea mawazo.

Limebaki la kutupa. Nyumba nyingi za Marekani zilizojengwa karne iliyopita zilikuwa na kabati la bafuni lenye upenyo mdogo nyuma yake. Mtu akimaliza wembe anautumbukiza humo, unaanguka katikati ya kuta mbili, basi. Hadi leo mafundi wanaobomoa kuta hizo hukuta nyembe kwa mamia, zimejaa kutu. Sisi kuta zetu ni za tofali moja. Chukua kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha bati, toboa kifuniko upenyo wa kupita wembe, ligongelee mfuniko usifunguke, liweke juu mtoto asikofika. Kwa mwanamume mmoja linachukua miaka kujaa. Likijaa, choo cha shimo. Si jalalani, ambako watoto wanapita pekupeku wakitafuta chupa.